Deni la Pinda: Shradha ya Wahindu na Tatizo la Kuitafsiri kwa Kiswahili

IKISIRI

Makala hii inachunguza shradha, yaani ibada ambazo Wahindu huzifanya kwa ajili ya wazee wao waliofariki. Inashikilia kwamba ibada hizi hazieleweki iwapo zitatazamwa kama maombi yanayoelekezwa kwa mizimu. Mhimili wake ni deni, na njia ya kulilipa deni hilo ni kulisha. Makala inaeleza misingi ya deni hilo, hatua ambazo marehemu hupitia hadi kuwa mhenga, nusu mwezi uliotengewa wahenga, na mji wa Gaya ambako wengi hukusudia kulihitimisha deni. Hatimaye inajadili mijadala iliyomo ndani ya Uhindu wenyewe na kupendekeza istilahi zinazofaa kwa mtafsiri wa Kiswahili.

1.0 UTANGULIZI

Kiswahili kimejuana na Bara Hindi kwa karne nyingi. Majahazi kutoka Kachchh na Gujarat yalisukumwa na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, na mazoea hayo ya biashara yaliacha alama katika lugha. Bima, hundi, laki, gari na chapati ni baadhi tu ya maneno yenye asili ya huko. Hata methali haikusalimika: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Baniani huyo ndiye mfanyabiashara wa Kihindu wa Gujarat, na jina lake limetokana na jina la tabaka lake la wachuuzi.

Hata hivyo, ukiyapekua maneno hayo utagundua jambo moja. Mengi ni ya soko, ya safari na ya jikoni. Maneno ya madhabahu hayakuvuka bahari kwa wingi kama huo. Mswahili alimjua Baniani dukani, akajua mizani yake na daftari lake la madeni, lakini hakujua alichokifanya alfajiri alipoelekea kusini na kumimina maji kwa jina la babu yake. Kwa sababu hiyo, mwandishi wa Kiswahili anapotaka kulieleza tendo hilo leo hujikuta hana neno mkononi, akakimbilia lililo karibu: ibada ya mizimu, kafara, au tambiko. Kila mojawapo ya maneno haya lina historia yake, na huweza kumpotosha msomaji kabla hajafika mwisho wa sentensi.

Kabla ya kuendelea, ni muhimu kutenganisha maneno mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Mhindi ni mtu wa Bara Hindi au mwenye asili ya huko, awe wa dini yoyote ile. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Uhindu. Makala hii inazungumzia Wahindu.

2.0 MSINGI WA DENI

Neno la Kisanskriti shraddha, ambalo katika makala hii linaandikwa shradha kwa kufuata matamshi ya Kiswahili, lina uhusiano na neno lenye maana ya imani. Shradha, basi, ni kile kitendwacho kwa imani. Wanaotendewa huitwa pitri. Neno hili kwa asili lina maana ya baba, na katika wingi humaanisha wazee wa ukoo waliotangulia, wake kwa waume. Katika Rigveda, mojawapo ya maandiko ya kale zaidi ya Bara Hindi, tayari mna tenzi zinazowaalika pitri waje kuketi na kupokea sehemu yao.

Wazo la deni limeelezwa bayana katika Taittiriya Samhita. Kwa mujibu wa andiko hilo, Brahmani huzaliwa akiwa na madeni matatu. Anadaiwa na waonaji wa kale, na deni hilo hulipwa kwa kusoma. Anadaiwa na miungu, na deni hilo hulipwa kwa sadaka ya moto. Anadaiwa na pitri, na deni hilo hulipwa kwa kupata watoto. Baadaye maandiko ya sheria, hasa Sheria za Manu, yaliweka kumbukumbu ya pitri miongoni mwa wajibu mkuu wa kila siku wa mwenye nyumba, na kutenga sehemu kubwa ya sura ya tatu kueleza shradha ifanywe vipi na mgeni gani aalikwe.

Ni vyema kulitia maanani jambo hili. Mdeni hamwabudu mdai wake. Humlipa. Mhindu anayefanya shradha hakiri kwamba babu yake amekuwa mungu. Anakiri kwamba mwili alio nao, jina la ukoo analolibeba na chakula alichokulia havikuanza kwake. Kiswahili kinalifahamu fika wazo hili, kwani dawa ya deni ni kulipa. Swali ni hili: aliyekufa hulipwa kwa sarafu gani?

3.0 KUTOKA PRETA HADI PITRI

Jibu la Wahindu ni chakula. Ili kulielewa jibu hilo, ni lazima kuelewa kwamba kufa peke yake hakumfanyi mtu kuwa mhenga. Mwili wa Mhindu kwa kawaida huchomwa, na majivu yake hutiwa mtoni au baharini. Baada ya hapo marehemu huitwa preta, yaani aliyeondoka. Preta hana mwili, hana makao, na anaona njaa na kiu. Hajakubaliwa bado miongoni mwa wazee wake.

Katika siku kumi za kwanza jamaa humtolea pinda. Pinda ni tonge la mviringo la wali au la unga wa shayiri, lililochanganywa na ufuta mweusi, na pengine maziwa, asali na samli. Inaaminika kwamba matonge ya siku hizo kumi humjengea marehemu mwili mpya, kiungo baada ya kiungo. Walio hai, kwa maneno mengine, humzaa upya yule aliyewazaa.

Kilele cha hatua hii ni sapindikarana. Hapo kale ilifanywa baada ya mwaka mmoja. Siku hizi aghalabu hufanywa siku ya kumi na mbili. Hufinyangwa pinda nne: moja ya marehemu, na tatu za baba yake, babu yake na baba wa babu yake. Pinda ya marehemu hukatwa vipande vitatu, na kila kipande hukandwa pamoja na mojawapo ya zile tatu hadi pasionekane mpaka baina yao. Tangu hapo preta si preta tena; amekuwa pitri.

Tendo hili dogo la vidole lina matokeo makubwa. Kwa kuwa wanaotajwa kwa jina katika pinda ni watatu tu, kuingia kwa mmoja humsogeza mwingine. Aliyekuwa wa tatu huwa wa nne, na wa nne hana tena tonge lake. Yeye na waliomtangulia hubakiwa na yale mabaki yaliyoganda kwenye kiganja, ambayo mtoaji huyafuta kwenye nyasi takatifu za kusha. Hawajasahauliwa kabisa, lakini hawaitwi tena mmoja mmoja.

Msomaji wa Afrika Mashariki hawezi kuipita hatua hii bila kumkumbuka John Mbiti. Katika kitabu chake African Religions and Philosophy cha mwaka 1969, mwanazuoni huyo Mkenya alitumia maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza mtazamo wa Waafrika kuhusu wakati. Kwa maoni yake, aliyefariki huendelea kuwa katika Sasa maadamu wapo walio hai wanaomkumbuka kwa jina, jambo ambalo huchukua takribani vizazi vinne au vitano. Kisha huzama katika Zamani. Mfanano na shradha ni dhahiri, ila ipo tofauti ya msingi. Kwa Mbiti kinachoamua ni kumbukumbu: akifa wa mwisho anayemkumbuka marehemu, daraja hukatika. Kwa Wahindu kinachoamua ni hesabu ya ibada. Mjukuu ambaye hakuwahi kumwona babu yake ana wajibu ule ule wa kumwita, na wa nne huondoka kwenye orodha hata kama bado anakumbukwa na kuliliwa.

4.0 NUSU MWEZI WA WAHENGA

Licha ya shradha ya kila mwaka katika tarehe ya kifo, kalenda ya Kihindu imetenga kipindi maalumu kiitwacho Pitri Paksha, yaani nusu mwezi wa wahenga. Kipindi hiki ni cha mwezi unaopungua, nao huangukia Septemba na mara nyingine kuingia Oktoba. Katika kalenda za Gujarat na Maharashtra mwezi huo huitwa Bhadrapada, na katika zile za kaskazini huhesabiwa kuwa Ashvina. Mwaka 2025, kwa mfano, kilianza tarehe 7 Septemba na kumalizika tarehe 21. Katika siku hizo familia nyingi haziozi, hazihamii nyumba mpya wala hazianzishi biashara.

Kila mhenga ana siku yake. Aliyefariki siku ya tano ya nusu mwezi wowote hukumbukwa siku ya tano ya kipindi hiki. Siku ya tisa aghalabu hutengewa wanawake waliofariki waume zao wakiwa hai. Siku ya kumi na nne ni ya waliokufa kwa silaha au ajali. Siku ya mwisho, usiku usio na mwezi, huitwa Sarvapitri Amavasya, na ni ya pitri wote: ambao tarehe yao haijulikani, waliosahauliwa, na wasioacha mtu nyuma yao.

Mtoaji huoga, hufunga au kupunguza chakula, huvaa pete ya nyasi za kusha kidoleni, na kuuhamisha uzi mtakatifu kutoka bega la kushoto hadi la kulia. Huelekea kusini, upande wa Yama, mtawala wa wafu. Kisha hufanya tarpana, neno litokanalo na mzizi wenye maana ya kuridhika au kushiba. Maji yenye ufuta mweusi huachiliwa yapite baina ya kidole gumba na kidole cha shahada, huku majina yakitajwa: baba, babu, baba wa babu, ukoo wao, na halafu wazee wa upande wa mama. Baada ya pinda kutolewa, watu hulishwa. Katika nyumba nyingi za Wagujarati chakula cha siku hiyo ni maziwa yaliyochemshwa na mchele na sukari yakawa mazito, pamoja na mikate iliyokaangwa. Sehemu hutengewa ng'ombe, mbwa na sisimizi, na sehemu nyingine huwekwa juu ya paa kwa ajili ya kunguru, ambaye huaminiwa kuwa mjumbe wa Yama au wa wahenga wenyewe. Kunguru wa aina hiyo hiyo ya Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 na akaenea pwani yote. Huku alikofika hakuna amwonaye kuwa mjumbe. Huonwa kuwa mwizi wa vifaranga.

Kisa kisimuliwacho mara nyingi kuhusu chanzo cha kipindi hiki ni cha Karna, shujaa wa utenzi wa Mahabharata. Inasimuliwa kwamba alipofika mbinguni aliandaliwa dhahabu na vito badala ya chakula. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba maishani alitoa dhahabu kwa kila mwombaji lakini hakuwahi kuwatolea wahenga wake chakula. Karna alijitetea kwamba hakuwajua wazazi wake. Akaruhusiwa kurudi duniani kwa nusu mwezi ili alipe deni hilo. Uzito wa kisa hiki umo katika utetezi wake. Kutojua asili kulimpunguzia lawama, lakini hakukufuta deni.

Hapa ndipo siku ya mwisho ya kipindi inapopata maana kwa historia ya Kenya. Kati ya mwaka 1896 na 1901, takribani wafanyakazi 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria. Walikuwamo Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Takribani 2,500 walifia huku. Mhindu miongoni mwao, ambaye kwao hakuna aliyeijua siku aliyokata roho, alikuwa tayari amewekewa siku na desturi ya wazee wake. Usiku usio na mwezi ulikuwa wake pia.

5.0 GAYA NA KISA CHA SITA

Hakuna mahali panapohusishwa na pinda kuliko mji wa Gaya, katika jimbo la Bihar. Wahindu wengi huamini kwamba pinda iliyotolewa Gaya huwapa wahenga ukombozi kamili. Katikati ya mji lipo hekalu la Vishnupad, ambalo jengo lake la sasa lilijengwa kwa amri ya malkia Ahilyabai Holkar katika karne ya 18, na ndani yake mna alama ya unyayo inayoaminika kuwa ya Vishnu. Makuhani wa Gaya, kama wenzao wa Haridwar, huhifadhi madaftari ya koo yaliyoandikwa kwa mkono. Msafiri hutaja kijiji cha babu zake, naye kuhani hulitafuta daftari na kumsomea majina ya waliomtangulia kufika hapo. Kwa familia ambazo hazina makaburi ya kuzuru, daftari hilo ndilo kaburi.

Kando ya hekalu upo mto Phalgu. Kwa muda mwingi wa mwaka mto huu huonekana mkavu, na mtu hufukua mchanga ili apate maji. Kisa cha wenyeji hueleza sababu. Rama na ndugu yake walikwenda kutafuta mahitaji ya shradha ya baba yao, Dasharatha, wakamwacha Sita ukingoni mwa mto. Saa ikapita, na mkono wa marehemu mkwewe ukajitokeza ukidai pinda. Sita hakuwa na mchele wala ufuta. Akafinyanga pinda ya mchanga, akaitoa, nayo ikapokewa. Waume waliporudi hawakusadiki. Sita aliwaita mashahidi, miongoni mwao mto, ng'ombe na mmea wa tulsi, nao wakamkana. Mti wa Akshayavat pekee ndio uliosema kweli. Sita akaubariki mti usife, na akaulaani mto upite chini ya mchanga.

Kisa hiki kina uzito kuliko kueleza ukavu wa mto. Kwa kawaida mtoaji wa pinda ni mwana wa kiume. Sheria za Manu hata hulichambua neno putra, mwana, kama amwokoaye baba yake kutoka jehanamu iitwayo Put, uchambuzi ambao wanaisimu wa leo huuona kuwa wa kimapokeo zaidi kuliko wa kisayansi. Itikadi hiyo imechangia kuwafanya wazazi wengi waone kwamba asiye na mwana wa kiume hana wa kumlisha. Ilhali katika Gaya yenyewe, mji mkuu wa pinda, husimuliwa habari za mwanamke aliyeitoa pinda hiyo, ikapokewa na mkwewe, na kukataliwa na mashahidi waongo. Katika miongo ya karibuni swali hili limekuwa hai. Jijini Pune wanawake wamefunzwa kazi ya ukuhani. Na waziri mkuu wa zamani wa India, Atal Bihari Vajpayee, alipofariki mwezi Agosti 2018, aliyewasha moto wa kuuchoma mwili wake mbele ya taifa zima alikuwa binti yake wa kulea.

6.0 MIJADALA NDANI YA BARA HINDI

Itakuwa kosa kudhani kwamba shradha haijawahi kupingwa na wenyewe. Wanafalsafa wa Charvaka, walioamini yale tu yanayodirikiwa na milango ya fahamu, walikejeli kwamba kama chakula kitolewacho hapa humshibisha aliye ahera, basi msafiri hana haja ya kubeba masurufu. Jamaa zake na wale nyumbani kwa niaba yake. Pia lilizuka swali gumu zaidi. Wahindu huamini kwamba roho huzaliwa upya. Je, aliyekwisha kuzaliwa mahali pengine hulishwaje? Matsya Purana hujibu kwamba sadaka hubadilika ikawa riziki inayofaa hali aliyo nayo marehemu, popote alipo.

Pingamizi kali zaidi la nyakati za karibuni lilitoka kwa Dayananda Saraswati, aliyeanzisha Arya Samaj jijini Bombay mwaka 1875. Kwa maoni yake pitri wa kweli ni wazazi na wazee walio hai, na shradha ya kweli ni kuwatunza kabla hawajafa. Mtazamo huu ulifika Afrika Mashariki mapema, kwani Arya Samaj ya Nairobi iliundwa mwaka 1903. Ni bayana kwamba hata mpinzani huyu hakulifuta deni. Alibadilisha tu wakati wa kulilipa.

7.0 SUALA LA TAFSIRI

Kutokana na maelezo haya, istilahi zilizozoeleka zinaweza kupimwa. Ibada ya mizimu haifai. Neno mzimu, lenye mzizi mmoja na kuzimu, hubeba hofu. Ni kitu cha kutulizwa kisidhuru. Anayekaribia hali hiyo katika Uhindu ni preta, na lengo la ibada ni kumtoa humo. Aidha, Mbiti alilalamika kwamba kuwaita Waafrika waabudu wahenga ni kutoelewa maana ya chakula na kinywaji wanachowatengea jamaa zao. Itakuwa ajabu kama Kiswahili, kilichoonewa kwa istilahi hiyo, kitawaonea wengine kwa istilahi iyo hiyo.

Kafara nayo hupotosha, kwa kuwa huashiria kuondoa dhambi au balaa. Sadaka ni pana mno. Tambiko ndilo neno lililo karibu zaidi, kwani lina walengwa wale wale na lina chakula ndani yake. Upungufu wake ni kwamba mara nyingi tambiko hufanywa panapotokea shida, kama vile ukame au maradhi, ilhali shradha hufuata kalenda, pawe na shida au pasiwe nayo.

Pendekezo la makala hii ni kutohoa majina ya vitu na matendo yasiyo na visawe, na kutumia Kiswahili cha kawaida kwa mawazo ambayo lugha inayo. Shradha, preta, tarpana na pinda zitoholewe. Kwa pinda, mtafsiri ajihadhari, kwa sababu Kiswahili kina kitenzi pinda chenye maana ya kukunja. Katika matumizi ya kwanza ni heri kusema tonge la pinda. Pitri waitwe wahenga, neno lenye heshima na lisilo na kitisho. Wajibu wenyewe uitwe deni, kwa kuwa ndivyo maandiko yanavyouita. Na kitenzi kikuu kiwe kulisha, wala si kuabudu.

8.0 HITIMISHO

Makala hii imeonyesha kwamba shradha ni malipo ya deni kwa njia ya chakula, na kwamba kwa malipo hayo walio hai humfikisha marehemu miongoni mwa wazee wake. Imeonyesha pia kuwa suala la nani ana haki ya kulilipa deni hilo, mwana au binti, na kwa nani, aliyekufa au aliye hai, halijafungwa hata miongoni mwa Wahindu wenyewe. Mtafsiri akichagua neno baya, maswali hayo yote hufungwa kwa niaba yao. Kiswahili kilikwisha kupokea bima na hundi kutoka kwa Baniani, maneno ya mtu anayejua kuweka hesabu. Kupokea pinda na shradha ni kusoma ukurasa mwingine wa daftari lile lile, ule ambao mwenye duka hakuwahi kumfunulia mteja, ukurasa ambao mdeni ni yeye mwenyewe.